Kura Moja Iliyoharibika

Wanafunzi wangu waliniita Madam Umejuaje. Hawakuniita hivyo mbele yangu, hata kidogo, maana hasira zangu wanazijua. Lakini shule haina siri, na jina la utani humfikia mwenyewe kabla chai haijapoa. Sikuchukia. Nilijivunia, tena sana. Miaka kumi na minne nimefundisha Kiswahili katika sekondari moja ya bonde hili, si mbali na Ifakara mjini, na kama kuna kitu kimoja nilichotaka mtoto atoke nacho pale, hata akisahau ngeli zote, ni swali hilo.

Somo lenyewe ni ufahamu. Kwenye ufahamu kuna kazi moja watoto huichukia: kutenganisha maoni ya mwandishi na ushahidi anaoutoa. Nilikuwa na mtindo wangu. Kila mwanafunzi alitakiwa awe na kalamu mbili, nyekundu na bluu. Nyekundu unapiga mstari chini ya maoni, yaani kile mtu anachofikiri, anachopenda, anachoogopa. Bluu unapiga chini ya ushahidi: kilichoonekana, kilichopimwa, kilichosikika na aliyesikia yupo. Vifungu vya kusoma nilivipata kwa mama muuza maandazi wa pale njiapanda, anayefungia maandazi yake kwenye magazeti ya zamani. Nilimwomba aniwekee kurasa nzima kabla hazijaloa mafuta, akawa ananiwekea huku ananicheka: "Mwalimu, habari zenyewe hizo zimeshachacha." Namwambia hata zikichacha, mimi shida yangu sentensi.

Naandika ubaoni: Vijana wa siku hizi ni wavivu. Nageuka. "Maoni au ushahidi?" Darasa zima: "Maoniii!" "Na wewe kule nyuma unayesema ushahidi, umejuaje?" Anajificha nyuma ya mwenzake. Basi mimi raha tupu. Kuna siku niliipiga marufuku methali moja darasani kwangu, ile ya lisemwalo lipo, kama halipo laja. Niliwaambia methali hiyo imewaponza watu wengi, na anayetaka kuitumia akaitumie nje ya mlango wangu. Mdomo wangu huo, jamani. Nakumbuka kila neno lililotoka humo.

Mwaka ule, kidato cha nne, nilikuwa na binti mmoja wa Kisukuma. Wazazi wake ni wafugaji, wale waliokuja na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, na boma lao lilikuwa upande wa Namawala, ukishapita mashamba ya mwisho ya mpunga. Baba yake ndiye aliyemleta alipoanza kidato cha kwanza, anakokota baiskeli, sanduku limefungwa nyuma, mtoto anatembea pembeni. Mimi nilikuwa mwalimu wa zamu siku hiyo. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wabeja sana, mwalimu," alisema kwa Kisukuma cha kushukuru, "huyu ndiye macho yetu. Pale nyumbani hakuna anayeweza kusoma hata chupa ya dawa ya ng'ombe." Alisubiri mpaka mtoto akaonyeshwa kitanda chake hosteli, ndipo akapanda baiskeli akaondoka.

Binti mwenyewe alikuwa mrefu, mkimya, mwenye mwandiko wa herufi ndogo ndogo hivi kwamba daftari lake nililisogeza dirishani ndipo nilisahihishe. Mwaka wa kwanza alipata taabu. Kufika mwaka wa tatu alikuwa ameshanizidi. Nasema amenizidi na simung'unyi maneno. Mistari yake ya bluu aliipiga kwa rula. Na hakunyoosha mkono kama wenzake, wa kurukaruka na "madam, madam!" Aliuinua taratibu mpaka usawa wa sikio, akangoja. Jicho langu lilishazoea. Darasa la watoto hamsini na kitu, wa kwanza kumtazama ni yeye.

Siku moja, mwezi wa sita, tulikuwa tunasoma habari ya ugomvi wa wakulima na wafugaji. Nikaropoka, kama ninavyoropoka nyumbani, "Ukweli ni kwamba wafugaji wameliharibu hili bonde." Mkono ukapanda usawa wa sikio.

"Ndiyo?"

"Madam, hayo ni maoni. Ushahidi uko aya ya ngapi?"

Weee! Darasa liliangua kicheko, wengine wakapiga madawati. Nikacheka na mimi. Nikamsifu mbele ya watu, nikasema mnaona, hata mwalimu haachwi! Lakini niseme kweli: ilinichoma. Mama yangu, anayekaa Lipangalala, ana kishamba chake cha mpunga upande huohuo wa Namawala, na msimu mmoja nyuma ng'ombe waliingia wakalala mlemle. Tulikuta mashina na samadi. Mama alikaa kwenye tuta, akavua kilemba, akalia. Walikuwa ng'ombe wa nani? Hatukujua, na hatujui mpaka leo. Sisi ni watu wa Mahenge tulioteremka huku kufuata mpunga, na katika ukoo wetu neno mfugaji lilikuwa limeshageuka tusi. Mchana nafundisha ushahidi, jioni nakaa na ndugu zangu tunatukana kabila zima.

Shule yetu ina shamba la mpunga. Wanafunzi wanalima, wanavuna, na huo ndio wali wao wa mchana. Mwaka huo tulipata magunia kumi na tano, yakapimwa, yakapangwa stoo yangoje mchele wa zamani uishe jikoni. Ufunguo mmoja alikuwa nao mwalimu wa stoo, na wa pili alikuwa nao mama mpishi, kwa sababu yeye ndiye aliyetoa mpunga wa kupeleka mashineni kukobolewa. Mama mpishi ni mtu mzima, mcheshi, na mtoto mvivu akimwona anabadili njia.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, alasiri, nilikuwa nimekaa mlangoni pa jiko langu napepeta mchele. Nyumba za walimu ziko jirani na stoo. Nikamwona yule binti anatokea upande wa stoo na mzigo kichwani, umefungwa kwa kitenge. Ijumaa wanafunzi wa hosteli ambao kwao ni karibu huruhusiwa kwenda nyumbani.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Usalimie nyumbani."

"Zimefika."

Akapita. Mzigo haukuwa mkubwa, wala shingo yake haikuonekana kuelemewa. Hilo nililiona, macho yangu si mabovu. Sikuuliza ni nini. Mimi huyuhuyu, Madam Umejuaje, niliinama nikaendelea kupepeta.

Jioni hiyo mama mpishi alipigiwa simu kwamba mama yake mzazi amefariki, huko milimani Mahenge. Alfajiri akapanda gari. Hakuagana na mtu zaidi ya matroni wa hosteli, na nani angemlaumu.

Jumatatu mwalimu wa stoo alifungua mlango akahesabu magunia kwa kidole. Kumi na mawili. Akamwita mkuu wa shule. Mkuu akaja, akasimama kizingitini, akahesabu kwa kidole. Kumi na mawili. Akaja mwalimu wa nidhamu, nikaja na mimi. Mle ndani mna giza na popo, na lile vumbi la mpunga linawasha mwili mzima, hakuna aliyetaka kuingia. Wote tulihesabia mlangoni. Tukakubaliana kwamba magunia matatu yameibiwa.

Sasa kwa asiyejua: kwetu kitu kikipotea na mwizi asijulikane, tunapiga kura ya siri. Ni desturi. Vijijini wanaipiga kutafuta wezi wa mifugo, mitaani kutafuta vibaka, na shuleni kwa kila kitu, kuanzia simu ya matroni mpaka ndoo ya kuogea. Kila mtu anapewa kipande cha karatasi, anaandika jina la anayemdhania, anakunja, anatumbukiza kwenye boksi. Jina likiongoza, kesi imekwisha. Wengi wape. Nimepiga kura hizo tangu nikiwa mwanafunzi, na katika miaka yangu yote ya maoni na ushahidi haikunijia hata siku moja kwamba boksi lile zima ni kazi ya kalamu nyekundu.

Tukakusanyika mstarini. Mwalimu wa nidhamu akahutubia: "Lisemwalo lipo! Ninyi wenyewe mnajuana! Andikeni bila woga!" Ndipo mkono mmoja ukapanda usawa wa sikio. Mkuu akamruhusu.

"Mkuu, kabla ya kupiga kura naomba kuuliza. Magunia yamepimwa?"

"Yapimwe ya nini? Yamehesabiwa."

"Idadi inaweza kupungua na mpunga ukawepo uleule, Mkuu. Kwa sababu Ijumaa..."

"Rudi mstarini!" mwalimu wa nidhamu alimkata. "Nani amekuomba uwakili?"

Minong'ono ikapita kama upepo. Nilimsikia mtoto mmoja nyuma yangu anasema, "Mbona anajihami?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikawaza hivyohivyo. Mbona anajihami?

Walimu nasi tulipewa vikaratasi. Changu nilikiweka juu ya daftari la mahudhurio. Nikaona ule mzigo wa kitenge. Nikamwona mama yangu kwenye tuta, kichwa wazi. Nikasikia tena darasa linavyocheka. Nikaandika jina lake. Haikuchukua dakika. Nikakunja mara mbili, nikatumbukiza, na nikajiambia kwamba mimi angalau ushahidi ninao, nilimwona. Nilimwona akifanya nini, hilo sikujiuliza.

Kazi ya kuhesabu tulipewa mimi na mwalimu wa hesabu, ofisini, mlango umefungwa. Yeye anafungua na kusoma, mimi naandika kwenye fomu. Walitajwa wavulana wawili watatu watundu. Mtoto mmoja aliandika jina la mwalimu wa nidhamu mwenyewe, tukacheka mpaka machozi. Lakini jina la yule binti lilirudi, likarudi, likarudi tena. Miandiko yote naijua, nimeisahihisha miaka minne. Aliyekaa naye dawati moja aliliandika. Anayelala kitanda cha juu yake aliliandika. Changu nacho kilifunguliwa, kikasomwa, nikakiwekea alama mwenyewe kama vingine.

Kisha mwenzangu akafungua kimoja, akakunja uso. "Huyu naye! Hii imeharibika." Akanirushia.

Kwa zile herufi ndogo ndogo palikuwa pameandikwa: Sijui. Sijaona. Na chini ya neno sijaona, mstari wa bluu, uliopigwa kwa rula.

Nilikisoma mara mbili. Hakuandika jina la adui yake, na maadui alikuwa nao. Hakuandika jina la mtu yeyote ili kujiokoa. "Tuiweke wapi?" nikauliza. "Weka pembeni," akasema mwenzangu, "andika kura iliyoharibika, moja." Nikaandika. Kikaratasi nikakitia mfukoni mwa sketi. Ningeweza kusimama palepale nikasema jamani ee, acheni, huyu peke yake ndiye aliyefanya kazi niliyowafundisha. Mdomo nilikuwa nao. Nina mdomo ambao soko zima la Ifakara linaujua. Siku ile uligoma.

Tulipotoka na fomu, wanafunzi walikuwa bado mstarini kwenye jua. Mkuu akasoma jina. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlingoti wa bendera natazama viatu vyangu. Mpaka leo naweza kukuambia viatu gani: vyeusi, cha kushoto kimefumuka ukingoni.

Ofisini mwalimu wa nidhamu alimwuliza, "Ijumaa ulibeba nini?" Aliuliza kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia. Ndiyo, nilimwambia mimi.

"Magunia matupu, mwalimu. Matatu. Yalitobolewa na panya. Mama mpishi alinipa nimpelekee mama ayashone, aanikie mahindi."

Mwalimu wa nidhamu akapiga meza. "Mkuu umesikia? Matatu! Amekiri mwenyewe!"

"Sijakiri, mwalimu. Nimesema matupu."

"Na mpunga wake uliumwaga wapi?"

"Muulizeni mama mpishi."

Simu ya mama mpishi haikupatikana. Kule kwao mpaka upande mlima ndipo upate mtandao. Mkuu akasema si ubinadamu kumsumbua mfiwa kwa mambo ya wizi. Ikaandikwa barua ya kumsimamisha masomo mpaka bodi ya shule ikae, na wote tulijua bodi yetu hukaa inapojisikia. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi minne. Yule binti akanigeukia. Hakulia. Alingoja tu niseme kitu. "Utaratibu ni utaratibu," nilisema, huku nakunjakunja pembe ya barua isiyo yangu.

Kesho yake baba yake alikuja na baiskeli ileile. Alivua kofia mlangoni, akaamkiana na kila mtu, akakaa ukingoni mwa kiti. Mkuu akamweleza yote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani amemwona?" akauliza.

"Mzee, shule nzima imempigia kura."

"Shule nzima imemwona?"

"Kura ni ya siri, mzee wangu. Ndiyo utaratibu."

Mzee akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira, heri angekuwa nayo. "Mwalimu, huyu mtoto akija likizo hatupumui. Nikisema ng'ombe huyu mgonjwa, ananiuliza, baba umejuaje? Nikisema mvua itachelewa, umejuaje? Nikamwuliza neno hili umelitoa wapi, akasema ni lako. Basi na mimi nakuuliza. Mwanangu ni mwizi, umejuaje?"

Nilikuwa na majibu ya kila swali kwa miaka kumi na minne. Nikasema, "Mzee, kura zimehesabiwa."

Akatikisa kichwa taratibu, akavaa kofia. Wakafunga sanduku kwenye baiskeli, akaikokota, mtoto akatembea pembeni. Walitoka getini wakiwa wamepangana hivyohivyo kama siku waliyokuja, ila yeye sasa alikuwa amempita baba yake urefu.

Wiki mbili baadaye mama mpishi alirudi, kanga nyeusi mabegani. Tulikwenda jikoni kumpa pole. Katika maongezi mwalimu wa stoo akamwambia, "Na huku nasi tumepata msiba wetu, tumeibiwa mpunga, magunia matatu."

"Matatu yapi?" akasema mama mpishi. "Yale yaliyotobolewa na panya? Si niliyamimina mimi kwenye mengine! Nimeshindilia lumbesa zote kumi na mbili peke yangu, vidole vimenitoka malengelenge."

Kama si mtu wa kulima: lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likaongezewa kilemba juu na kushonwa. Mama mpishi akatukokota mpaka stoo, akaingia, akawasha tochi ya simu. Magunia kumi na mawili, yamevimba, kila moja na kilemba chake kilichoshonwa kwa kamba mpya ya katani. Ukisimama kizingitini huoni kitu. Ukipiga hatua tatu ndani, hata kipofu anaona kwa mkono. Tukaazima mzani wa mashineni, tukapima yote siku hiyohiyo. Haikupungua hata kilo.

"Yale mabovu nilimpa yule binti wa Kisukuma," mama mpishi akasema. "Mtoto ana adabu yule. Yuko wapi? Sijamwona."

Nilitoka nje nikaegemea ukuta wa stoo nikalia, sijui kwa muda gani. Kisha hasira zikanipanda. Nilimfuata mwalimu wa nidhamu nikamtukana mbele ya wanafunzi. Nikaingia ofisini nikapasua kikombe cha Mkuu kwa kukibamiza mezani. Mkuu hakugomba. Aliokota vipande, akasema, "Mwalimu, kura tulipiga wote." Nikakaa, maana alisema kweli, na yeye hakujua ni kweli kiasi gani.

Barua ya kumrudisha shuleni ikaandikwa, nikasema naipeleka mimi. Jumamosi nilipanda bodaboda mpaka Namawala, nikatembea kwenye matuta mpaka boma lao. Boma lilikuwa tupu. Miiba ya zizi imefumuliwa, majivu jikoni yamepoa na kuku wa jirani wanayachakura. Juu ya kichanja cha mahindi palikuwa na gunia moja limesahaulika. Nikalishusha. Chini lilikuwa na tundu la panya, limezibwa kiraka kwa mshono mdogo mdogo, safi kabisa. Niliipapasa ile sehemu kwa kidole. Ushahidi ndio huo, nimeupata, nikaupeleke kwa nani?

Mkulima wa jirani akaniambia wamevuka mto na ng'ombe wao, wameelekea kusini, wapi hasa hajui. "Mzee alikuwa ametulia tu hapa," akasema. "Alisema mtoto wake ameitwa mwizi wa mpunga, na kwenye nchi ya mpunga hataweza kuinua uso." Nikamwomba namba ya simu. Akajaribu aliyokuwa nayo mbele yangu, haikupatikana. Nimeijaribu mwenyewe, nadhani, kila Jumapili baada ya misa, miezi mitatu.

Mwezi wa kumi na moja mtihani wa taifa ukafika. Siku moja kabla, walibandika namba za watahiniwa kwenye madawati. Yake ilibandikwa, dawati la tatu upande wa dirisha. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, watu waliniambia sana. Lakini nilikaa kwenye lile dawati mpaka mlinzi akaja kufunga.

Mwaka uliofuata, kiangazi, nilikuwa sokoni Ifakara nanunua kitunguu. Kwenye safu ya wanawake wanaouza maziwa ya mgando nikasikia, "Shikamoo madam." Nikaijua sauti kabla sijageuka. Alikuwa amekaa na shangazi yake, ndoo mbele yake, kikombe mkononi. Amekonda kidogo. Nilijibu marahaba na machozi yakanitangulia, nikachuchumaa palepale kwenye vumbi, shangazi mtu akabaki anashangaa.

Nilimwambia yote. Mama mpishi, lumbesa, mzani. Nikamwambia barua yake ninayo nyumbani, Mkuu anamngoja, arudi kesho ikiwezekana.

"Nirudi nikakae na nani, madam?" akasema. "Waliandika wote."

Nikamwambia basi nitamsajili afanye mtihani wa kujitegemea, nitamfundisha mwenyewe nyumbani kwangu, kila siku, bure. Akasema asante, baba sasa hivi anaumwa, wamemleta hospitali hapa mjini, yeye ndiye anauza. Akaniuliza, "Karatasi yangu mliihesabu?"

Nikafungua pochi nikaitoa, maana sijawahi kuiacha nyumbani. Imechakaa kwenye mikunjo. "Tuliandika imeharibika," nikamwambia. Aliisoma, akanirudishia.

Na hapo nikaona nisipolisema sasa sitalisema tena. "Mwanangu, na mimi niliandika jina lako."

"Najua, madam."

Niliuliza kabla sijafikiri. Ni mazoea ya mdomo wangu tu, naapa. "Umejuaje?"

Alisuuza kikombe, akamwaga maji pembeni. "Siku zote nikinyoosha mkono ulikuwa unanitazama wa kwanza," akasema. "Tangu siku ile mlipotoka na ile fomu mpaka ninaondoka na baba, hukunitazama hata mara moja."

Kisha akaniuliza kama aniwekee maziwa. Nikasema aniwekee, nikayanywa nikiwa nimechuchumaa palepale, na safari hii nilimtazama.